Saa Tatu Usiku, na Jua Bado Halijazama

Dada yangu aliponipigia simu kutoka Bristol katika kiangazi chake cha kwanza huko, miaka mingi iliyopita, aliniambia jambo nililolichukulia kuwa mzaha: kwamba amekwisha kula chakula cha jioni, ameosha vyombo, na sasa anatoka kwenda kupalilia. Nilitazama ukutani, nikaondoa saa mbili za tofauti iliyopo kati ya Nairobi na Uingereza majira hayo, nikapata saa mbili usiku. Kwetu Kahawa West, saa mbili usiku mtu anapalilia nini, na kwa taa gani?

Jibu nililipata Juni ya mwaka 2023, nilipokwenda mwenyewe. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa umekwisha na mwingine haujaanza. Dada alikuwa amejifungua mwezi uliotangulia. Shemeji alikuwa akifanya kazi ya zamu. Na kulikuwa na shamba la kukodi kutoka kwa halmashauri ya mji, ambalo mtu akiliacha likashikwa na magugu anaweza kunyang'anywa na kupewa mwingine aliye kwenye foleni, na foleni yenyewe ni ndefu. Kwa hiyo niliitwa, kwa jina ni kumwona mpwa wangu, na kwa kweli ni kushika jembe. Nilikaa mpaka mwisho wa Agosti. Tangu nirudi, watu huniuliza kama kule ni baridi, kama kweli mvua hunyesha kila siku, na kama chakula hakina chumvi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu mwanga, ilhali mwanga ndio uliotawala kila nilichofanya: saa ya kukimbia, saa ya kupanda baiskeli, saa ya kumwagilia maharagwe, na hata saa ya kulala, ambayo kwa wiki mbili za kwanza sikuiona kabisa.

Anayezungumza Kiswahili ana tabu yake ya ziada huko, kwa sababu saa zetu zimeshonwa kwa kipimo cha ikweta. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa ya kwanza ikitimia, ni saa moja asubuhi. Likizama tunaanza upya, na saa moja usiku inafuata. Nairobi iko kiasi cha digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana wake mrefu kuliko yote na ule ulio mfupi kuliko yote haifiki robo saa, kwa hiyo hesabu hiyo haimwangushi mtu mwaka mzima. Ipeleke Bristol sasa. Siku ya 21 Juni jua lilichomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, likazama saa tatu na nusu usiku, na neno "usiku" likanikwama mdomoni. Nilimwambia dada kwamba nitarudi kutoka shambani saa tatu ya jioni, akanicheka: "Jioni gani hiyo yenye saa tatu?" Lakini yeye mwenyewe, pamoja na miaka yake yote ya huko, hakuwa na neno bora. Jirani yao, mama wa Kisomali aliyekulia Eastleigh ya Nairobi na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu, ndiye aliyelieleza jambo hilo vizuri. Idi kubwa ya mwaka huo ilikuwa imeangukia siku za mwisho za Juni, magharibi inaswaliwa saa tatu na nusu, na watoto waliokwishapelekwa kitandani walikuwa wakiwasikia wenzao wakicheza mpira nje. "Huku," alisema, "jua halina adabu."

Sehemu ya utovu huo wa adabu ni kazi ya binadamu. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Waingereza husogeza saa zao mbele kwa saa moja, ili mwanga wa alfajiri ambao watu wangeulalia uhamie jioni. Aliyelipigania wazo hilo kwa ukaidi tangu mwaka 1907 alikuwa mjenzi wa nyumba aitwaye William Willett, ambaye alikerwa kuona mapazia yamefungwa huku asubuhi imekwisha kupamba moto. Yeye alitaka saa zisogezwe kwa dakika 80, tena kwa mafungu manne ya dakika 20, mpango ambao nashukuru haukupita. Alifariki mwaka 1915, na mwaka uliofuata, katikati ya vita, Bunge likapitisha saa moja kamili.

Kuhusu joto sina mengi. Juni hiyo ilitangazwa kuwa ndiyo Juni yenye joto zaidi tangu kumbukumbu zianze kuwekwa Uingereza, na wastani wake, usiku na mchana, nchi nzima, ulikuwa nyuzi 15.8. Wastani huo ukiuleta Nairobi utafanana na wa Julai yetu, ile ambayo makondakta huvalia koti zito na soksi mbili. Zipo siku zilizochoma kweli, lakini si joto linalowatoa watu nje. Ni mwanga. Watu wa kule hukaa nao kama wakulima wetu wanavyokaa na mvua: wanaungoja miezi, wanauzungumza kabla ya kujuliana hali, na ukifika kila mtu anatoka na kifaa chake mkononi, kwa sababu wanajua kwamba Desemba jua litazama saa kumi jioni.

Mimi nilitoka na raba. Nairobi nilikuwa mkimbiaji wa Jumamosi, wa msitu wa Karura, kilomita tano au sita kwa mwendo wa kuzungumza, na kwa kuwa mji wetu uko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, mapafu yangu yalikuwa yamezoea kufanya kazi kwa posho ndogo. Bristol iko karibu na bahari. Wiki ya kwanza nilikimbia kilomita tano nikaangalia saa, nikadhani imeharibika. Nilijiona Kipchoge. Kwa bahati mbaya, watu wengine nao walikuwa tayari kuniona hivyo.

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, katika mamia ya bustani nchini Uingereza, watu hukusanyika kukimbia kilomita tano bila kulipa chochote. Mbio hizo huitwa parkrun, na zilianza mwaka 2004 katika bustani ya Bushy Park, London, zikiwa na wakimbiaji 13 tu. Unajisajili mara moja kwenye mtandao, unapewa alama ya mistari ya kuonyesha mwishoni, na wasimamizi ni wakimbiaji wenyewe waliojitolea, wakiwa wamevaa fulana za rangi kali. Mimi nilikwenda Ashton Court, ambako njia yake ina ujeuri wa aina moja: nusu ya kwanza unapanda mlima, nusu ya pili unarudi ulikotoka. Msimamizi mmoja aliponiuliza ninatoka wapi, nikajibu Kenya, wawili waliokuwa mbele yangu kwenye mstari wakasogea pembeni kwa heshima kunipisha. Nilitamani ardhi inimeze. Nilianza kwa kasi ya kulinda jina la taifa, na kabla ya nusu ya mlima nikapitwa na mama wa makamo aliyekuwa akisukuma kigari chenye mtoto ndani. Mtoto alinipungia mkono. Kuanzia Jumamosi iliyofuata nilisema natoka Fishponds, mtaa wa dada yangu, na hakuna aliyeniuliza zaidi.

Lakini kukimbia kwangu kwa kweli kulikuwa kwa jioni, katikati ya wiki, baada ya kumbembeleza mpwa wangu hadi alale nyuma ya pazia zito ambalo dada alikuwa ameliongezea blanketi. Kukimbia saa mbili usiku bila kuangalia nyuma ni kitu ambacho mwili wangu wa Nairobi ulichelewa kukikubali. Giza halipo, ila hofu ya giza ilikuwa imenizoea, na kila saa kumi na mbili na nusu ilipofika nilihisi kitu tumboni kikiniambia nirudi nyumbani kabla matatu hazijapandisha nauli.

Baiskeli ilikuwa ya shemeji. Karibu na kwao inapita njia ya Bristol hadi Bath, kama kilomita 21 za lami tambarare, iliyojengwa kuanzia mwaka 1979 juu ya tuta la reli iliyofungwa. Mwinuko wake ni mdogo kwa sababu treni haipendi milima, na mimi pia. Magari hayaruhusiwi. Kuna watembea kwa miguu, mbwa, watoto wa baiskeli za magurudumu matatu na watu wanaoenda kazini kwa kasi ya kutisha, na kanuni inayowaunganisha wote ni kengele: unapiga mara moja ukiwa mbali, unasema ahsante ukipita. Kwa kuwa na wao wanaendesha upande wa kushoto, desturi waliyotuachia sisi, hilo halikunipa shida. Shida ilikuwa kuamini. Mtu aliyezoea kuendesha kando ya Thika Road, ambako njia ya baiskeli ni soko la mitumba asubuhi na barabara ya bodaboda jioni, hatulii kwa siku moja. Kila nilipopita chini ya daraja nilikuwa nikitega sikio kusikia honi.

Pale Staple Hill njia inaingia katika handaki la zamani la reli, karibu nusu kilomita, na unapoingia ukitoka kwenye jua ni kama umefungua friji. Taa zipo, lakini hafifu. Maji yanadondoka kutoka kwenye matofali. Kila mtoto anayepita anapiga kelele ili asikie mwangwi, na niliona hata wazee wakifanya hivyo wakidhani wako peke yao. Hatua chache baada ya kutoka upande wa pili, siku moja mwezi Julai, tairi la nyuma likatoa pumzi. Niliipindua baiskeli kwenye majani ya kando, nikakaa chini kutoa tyubu, na papo hapo nikainuka kwa kilio. Nilikuwa nimekalia thabai. Ni ndugu wa thabai ya kwetu Kiambu, mmea unaowasha ambao shangazi yangu huuchuma kwa mikono mitupu, akauchemsha na kuuponda ndani ya mukimo, na hapa ulikuwa umejaa pande zote mbili za njia, kijani kibichi, hadi kifuani, na hakuna aliyeuchuma. Waendesha baiskeli watatu walisimama mmoja baada ya mwingine kuniuliza kama nina kila ninachohitaji. Pancha niliiziba katika dakika kumi na tano. Mapaja yaliniwasha mpaka siku ya pili.

Sasa shamba, ambalo ndilo lililoniita. Vishamba hivi viko kwa makundi ndani ya miji, nyuma ya nyumba au kando ya reli, na kipimo chake cha jadi ni kama mita mraba 250, ingawa siku hizi vingi hugawanywa nusu. Sheria ya mwaka 1908 ndiyo iliyozipa halmashauri wajibu wa kuwatafutia watu ardhi ya kulima mboga zao wenyewe, wakati ambapo maskini wa mjini hawakuwa na hata mahali pa kuchimba kiazi. Leo wanaolima si maskini tu. Katika kundi letu kulikuwa na mwalimu, dereva wa basi, mama wa Kijamaika aliyekuwa na maboga ya kuonea wivu, na katika kishamba cha jirani mzee wa miaka themanini na kitu ambaye alikuwa amelima palepale tangu kabla mimi sijazaliwa. Dada aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza kama wanavyofanya wote. Ulimi wangu ulikataa. Nikamwita Mzee, nikamweleza maana yake, naye akalipenda neno hilo kiasi kwamba wiki iliyofuata nilimsikia akimwambia dereva wa basi kwamba kuanzia sasa na yeye amwite Mzee.

Mzee ndiye aliyenifundisha kwamba hata mimea husoma saa. Nilikuwa nimepanda dhania, mistari miwili, kwa ajili ya kachumbari, nikiwa na uhakika wa mtu aliyewahi kuiotesha kwenye mkebe dirishani. Ilichipua vizuri, ikafika urefu wa kidole, kisha kabla sijachuma mara mbili ikarefuka shingo, majani yakawa membamba kama nyuzi, na ikatoa maua meupe. Nilidhani ni mbegu mbovu. Mzee alicheka, akanyoosha kidole juu. Mchana ukirefuka, alieleza, dhania huamini kwamba wakati wa kuzaa umefika, na ikikosa maji na kupata joto kidogo ndiyo inakimbia zaidi. Mwenye kutaka majani huipanda mwishoni mwa kiangazi. Spinachi nayo ni vivyo hivyo. Kisha akanipeleka kwenye vitunguu vyake. Aina zake hazianzi kufunga kichwa mpaka mchana ufikie saa 14 au zaidi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kitunguu chetu, kile chekundu cha Red Creole ambacho wakulima wengi wa Kenya hukitegemea, huitwa cha siku fupi. Kila kimoja kinajua kwao. Kitunguu cha Mzee ukikipanda Nairobi kitaota majani kikingoja siku ndefu ambayo haiji.

Sukuma wiki haikujali lolote, ilikua tu. Kojeti, kama wauzaji wa sokoni wanavyoyaita yale maboga machanga marefu kama matango, zilinipa somo jingine, kwani kwa mwanga ule ukiacha moja Jumatatu ikiwa na ukubwa wa kidole, Alhamisi unaikuta kama mkono wa mtoto, na Jumapili hakuna jirani anayetaka kufungua mlango akikuona na mfuko. Halafu Julai ikageuka. Mvua ilinyesha karibu kila siku, ilikuwa mojawapo ya Julai zenye mvua nyingi katika kumbukumbu za nchi hiyo, na konokono uchi wakatoka, wale wasio na nyumba mgongoni, warefu kama kidole cha kati na wenye rangi ya chai ya maziwa. Usiku mmoja walimaliza miche yote ya maharagwe niliyoirudishia. Dawa ya Mzee ilikuwa ndoo na tochi. Unasubiri giza, na giza lenyewe halifiki mpaka saa nne na nusu, kisha unapita mstari kwa mstari ukiwaokota kwa kijiti. Mara ya kwanza nilihesabu 62, nikaacha kuhesabu. Nilirudi kwa dada saa sita kasoro nikiwa na matope hadi magotini, nikamkuta macho, amempakata mtoto, naye akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umevuna nini?"

Mwishoni mwa Agosti jua lilikuwa linazama saa mbili usiku, na kila siku mchana ulipungua kwa dakika tatu na zaidi. Watu walianza kutembea haraka. Pale shambani nilimsikia mwalimu akimwambia mtu, kwa sauti ya msiba, kwamba jana aliwasha taa jikoni wakati wa kula.

Nilirudi Nairobi nikiwa na tabia mbaya. Nilitoka kazini saa kumi na moja, nikapanda matatu, nikapitia nyumbani, nikavaa raba, na nilipofika barabarani jua likaanguka kama kawaida yake, bila kuaga, saa kumi na mbili na nusu na dakika zake chache. Wiki nzima nilijikuta nimesimama gizani kando ya barabara nikiwa nimevaa kaptura. Mlinzi wa ploti yetu aliniuliza kwa upole kama nimepotelewa na kitu. Ilinibidi nijifunze upya jambo ambalo watu wa mji huu walilijua siku zote, kwamba jioni yetu iko asubuhi: saa kumi na mbili kunapopambazuka ndipo wakimbiaji wanapojaa, na waendesha baiskeli wa Southern Bypass wanakuwa wamekwisha kurudi mtu wa kawaida anapokunywa chai. Sasa naamka saa kumi na moja. Sipendi, na sitajifanya napenda.

Shamba langu ni magunia manne kwenye roshani, sukuma wiki iliyopandwa ubavuni na juu, na kikapu kimoja cha dhania ambayo hapa hutulia kwa wiki nyingi kabla ya kutoa maua. Jumapili iliyopita dada alinipigia saa tatu na nusu usiku kwa video. Kwake ilikuwa saa moja na nusu na jua lilikuwa bado limeshiba, limeuangaza ukuta wote wa maharagwe nyuma yake, na mpwa wangu, ambaye sasa anakimbia, alikuwa anakokota keni ya kumwagilia iliyomzidi. Mzee bado yupo. Alipita nyuma na kunipungia kofia. Kwetu umeme ulikuwa umekatika tangu saa moja. Dada aliniuliza kama nimekula, nikamwambia bado, nikafungua mlango wa roshani, nikaielekeza simu kwenye magunia, na nikachuma majani ya sukuma kwa mwanga uliokuwa ukitoka shambani kwake.